Kinyama Kwenye Barafu

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mpaka mwisho nitapata muda wa kuupamba. Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye titi la mke wangu, kidogo kuliko punje ya hindi, nilikitoa kwenye dawa ya hospitali kilimowekwa, nikaimwaga ile dawa kwenye mtaro nyuma ya choo, nikakiosha kile kinyama kwa maji ya bomba, kisha nikakilaza kwenye barafu kama sato anayesubiri mnunuzi. Nilifanya hayo mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na kichwa changu kikiwa sawasawa. Nikaongeza na chumvi kidogo kwenye barafu ili baridi iume vizuri. Halafu nikajipongeza.

Kile kinyama ndicho kilichokuwa kimebeba jibu la swali pekee lililokuwa limebaki nyumbani kwetu: dawa ya kumtibu huyu mama ipo, au haipo.

Mimi ni fundi cherehani. Ofisi yangu ni baraza ya nyumba yangu hapa Musoma, kwa hiyo kutoka kazini hadi kitandani ni hatua kumi na nne, na sijawahi kuona sababu ya kuziongeza. Mtembezi ni mke wangu. Anauza mitumba Bunda. Siku za gulio yuko huko tangu asubuhi, siku nyingine yuko kwao Butiama kumwangalia mama yake, na akirudi ananikuta palepale aliponiacha. Anasemaga mimi ni kama kabati, ukitaka kunihamisha lazima uite watu wanne na uvunje mlango. Elimu yangu ni kidato cha nne. Biolojia nilipata alama ambayo mwalimu wangu alisema ni ya huruma, na huruma ile imekuja kuniponza ukubwani.

Uvimbe aliuona yeye mwenyewe, akakaa nao kimya. Alinieleza siku moja nikiwa naweka vifungo kwenye mashati ya shule. Alikuja akasimama mbele yangu, akanivua subana kidoleni, akauchukua mkono wangu na kuuweka kifuani mwake upande wa kushoto.

"Bonyeza hapo," akasema. "Taratibu."

Nikabonyeza. Ndani palikuwa na kitu kigumu mfano wa kifungo cha koti. Lakini kifungo ukikisukuma kinateleza, na hiki hakikuteleza. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu wakati wa kupanda mahindi. Siku hiyo mezani kwetu palikuwa na mahindi ya kuchemsha, kutoka shamba lilelile.

Hospitalini tulimkuta daktari wa kike, kijana kiasi kwamba angeweza kuwa mtoto wetu wa kwanza. Alimpima mke wangu kwa mikono, akampima kwa mashine yenye picha, kisha akamkata kinyama. Baada ya hapo akatuketisha, akatueleza mambo ambayo niliyasikia yote na sikuyaelewa mpaka yaliponiharibikia. Alisema kansa ya titi si ugonjwa mmoja. Wanawake wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa uleule, upande uleule, na kila mmoja akahitaji dawa yake. Kuna uvimbe unaolishwa na homoni za kike. Huo una vidonge vya kuukatia chakula. Kuna mwingine ambao jeni yake moja imejirudia kupita kiasi, ikawa inauhimiza ukue haraka. Huo nao una sindano yake. Na kuna ambao hauna hiki wala kile, na huo ndio wenye hasira, silaha za kupambana nao ni dripu za dawa kali na kisu tu.

"Kinyama hiki kitatuambia wa mama ni upi," akasema. "Bila hivyo natibu huku nimefumba macho."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa, mimi nikaitikia kwa kichwa zaidi yake. Ndio ugonjwa wangu wa tangu shule: nikiwa sielewi, kichwa kinaitikia sana.

Hapa Musoma walikata tu. Kipimo chenyewe kilifanyika Mwanza, na wa kukipeleka alikuwa ndugu wa mgonjwa. Mke wangu alikuwa na maumivu, akaenda Butiama kupumzika kwa mama yake siku mbili. Nikakabidhiwa mimi kichupa chenye kifuniko chekundu na maji ndani, na kinyama kikielea humo, nikaambiwa nikifikishe maabara kesho yake kama kilivyo. Maneno "kama kilivyo" niliyasikia vizuri. Tatizo ni kwamba mimi nilizaliwa Kiriba.

Mtoto aliyekulia Kiriba kwa baba muuza samaki ana somo moja ambalo halisahau hata akisahau kusoma. Kitu kilichotoka mwilini, kiwe cha samaki au cha nini, kinataka barafu, na kinaitaka sasa hivi. Baba yangu alikuwa akimtazama sangara macho tu na kukwambia alikaa saa ngapi bila barafu. Nimechapwa kwa ajili ya barafu kuliko kwa ajili ya hesabu. Kwa hiyo nilipofika nyumbani, nikakiweka kile kichupa mezani na kukitazama, nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Joto lilikuwa kali. Nikajiambia nifungue nione kama hakijaanza kuharibika.

Nikafungua. Ile harufu ikanipiga usoni, na niliijua. Niliwahi kuisikia mara moja tu, siku tulipokwenda kumchukua baba chumba cha maiti.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Nikakaa. Niliona wazi kabisa kwamba wameshamuweka mke wangu kwenye dawa ya maiti, kipande kwa kipande, na wameanza na hiki, na mimi ndiye niliyepokea na kutia sahihi. Yeye yuko Butiama anakunywa uji kwa mama yake, nyama yake iko mezani kwangu inanuka mochwari. Nilichofanya baada ya hapo sikukifanya kwa ujuaji, ingawa baadaye ndivyo kilivyoonekana. Nilikifanya kwa woga. Nilitaka kumtoa humo.

Barafu nilikwenda kuomba kwa jirani yetu, mama mjane anayenunua samaki mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na kuwapelekea wenye mahoteli. Aliniuliza ni samaki gani nimepata mimi ambaye hata ziwa nalionea dirishani. Nikamwambia kuna wageni.

Mwanza niliondoka alfajiri na kidumu changu cha barafu miguuni, nikapita Bunda bila hata kusinzia. Maabara nilimkuta mama mmoja mapokezi, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akapokea fomu, akasoma, akafungua kidumu, akanitazama.

"Baba, dawa yake iko wapi?"

"Nilibadilisha," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa. "Nikaweka barafu. Hakijaoza, kiangalie."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Angecheka ningejua ni jambo la kuchekesha. Alimwita mwenzake kwa sauti ndogo, wakakiinua kile kinyama kwa koleo, kimekakamaa kama kipande cha kucha, wakakitumbukiza haraka kwenye kichupa kingine chenye harufu ileile niliyoikimbia. Kisha akaandika mstari mmoja chini ya fomu. Nilijaribu kuusoma kichwa chini miguu juu, sikuweza. Nilipomuuliza kama kuna shida, alisema, "Tutajaribu, baba." Neno hilo nililibeba kutoka Mwanza mpaka Musoma, zito kuliko kile kidumu.

Mke wangu aliporudi aliuliza kama nimefikisha. Nikasema nimefikisha. Ulikuwa ukweli mtupu.

Wiki zilizofuata sizitamani. Simu ikiita, naigeuza kifudifudi kabla sijaona jina. Nilishona suruali ya mteja mguu mmoja umegeuka ndani nje, akaja kuijaribu barazani, akasimama na mguu mmoja una mishono ya nje kama kovu la operesheni, nikashindwa kumtazama. Nilianza kusoma kwenye simu habari za ule uvimbe wa tatu, ule usio na hiki wala kile. Kila nikisoma, naupata kwa mke wangu. Akichoka, nasema ndio huo. Akila vizuri, nasema labda nao unakula. Siku moja nilimwomba nimpime uvimbe kwa futi ya kushonea, nijue kama umeongezeka. Alinitazama kwanza kama haamini, kisha akasema yeye si suruali. Lakini usiku huo kwenye meza ya chakula aliniuliza, huku akimega ugali bila kunitazama, kama ningempima ningefanyaje nikikuta umeongezeka. Tukaendelea kula furu wetu, tukitoa miba.

Daktari alituita wote wawili. Alikuwa na karatasi mbele yake, na hakuanza na salamu ndefu. Kansa ipo, akasema. Hilo limeonekana. Lakini yale mengine, chakula cha uvimbe na ile jeni, maabara wameshindwa kusoma, maana nyama imefika imeharibika. Akainua macho.

"Ilisafirishwaje?"

Nilitamani mtu mwingine ajibu. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa ananitazama mimi, bila hasira, kwa udadisi tu, maana alijua nilifikisha. Basi nikasema yote, harufu, mtaro, maji ya bomba, barafu. Chumvi nayo nikaitaja, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kumaliza. Yule binti wa watu hakunifokea. Alisema ile dawa kazi yake ni kuisimamisha nyama palepale ilipofikia, kama vile saa imesimama, ili wanaoipima waone ilivyokuwa mwilini. Mimi nimeiacha saa iendelee. Maji yamepasua chembechembe, barafu imezigandisha mpaka zikachanika, na vile vitu vidogo wanavyovitafuta havikubaki mahali pake. Kwa sangara ingefaa, akasema, maana sangara tunataka kumla, hatuna swali la kumuuliza.

Tukatoka. Mke wangu alikaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini. Nikakaa pembeni yake, nikiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, kama washitakiwa wanavyokaa.

"Wiki tano," akasema baadaye. "Umenichelewesha wiki tano, mwenzangu."

Nikasema ndiyo.

"Na chumvi uliweka."

"Kidogo."

Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikajua analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika kifua upande wenye kidonda, watu wakageuka kututazama, akasema kwa shida, "Ndimu je, uliisahau?" Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha kicheko chake kikaisha na machozi yakabaki, akayafuta kwa kanga, akasema hatukuwa na wiki tano za kugawa.

Alinipa adhabu moja, ya kwenda Butiama kumweleza mama yake mimi mwenyewe kwa nini matibabu hayajaanza. Asiyejua desturi za kwetu ataona ni kitu chepesi. Mimi na mama mkwe wangu kwa miaka zaidi ya ishirini hatujawahi kukaa chumba kimoja. Akiwa ndani mimi niko nje, akitoka nje mimi nageukia ng'ombe. Tunasalimiana ukuta ukiwa katikati yetu, na mazungumzo yetu ni mvua, mifugo na afya za watoto. Sasa nilitakiwa nimsimulie habari za titi la binti yake.

Nilisimama nje ya dirisha lake nikiwa nimeshika kofia. Nilisema "kifua". Nilisema "ile sehemu". Nilisema "kipande", nikasema "dawa", nikazunguka sana, na ndani palikuwa kimya kiasi kwamba nilidhani ameondoka. Kumbe alikuwa amekaa chini ya dirisha lilelile. Alipozungumza, sauti ilitoka karibu na goti langu.

Hakuniuliza habari za barafu. Alisema dada yake mkubwa alikuwaga na kidonda hapo hapo. Wakati ule walisema ni watu wabaya wamemfanyia. Walimficha kwenye nyumba ya nyuma kwa sababu ya harufu, akafariki kabla mazao hayajavunwa. Binti zake yeye mama, akiwemo mke wangu, hawakuambiwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema, maana daktari alituuliza siku ya kwanza kama kwenye ukoo yupo aliyewahi kuumwa hivi, na mke wangu akasema hakuna. Mama akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza yeye.

"Mwanangu huyu ana ile ya dada yangu?" akauliza. "Ile ya haraka?"

Nikamwambia hiyo ndiyo tunayotafuta kuijua. Nikataka kuongeza kwamba tungekuwa tumeshajua, kama si mimi, ila nilikuwa nimeshalisema na kulirudia lisingesaidia mtu. Nilirudi Musoma na woga mpya juu ya ule wa zamani. Zamani nilikuwa nausoma ule uvimbe wenye hasira kwenye simu. Sasa nilikuwa nimeonyeshwa nyumba ulimomuua mtu, nyumba ya nyuma, mlango wake bado upo.

Mara ya pili walimchoma sindano nene, aina ya bastola, inayonyofoa nyama kwa mlio. Sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa nje ya mlango nikasikia ule mlio mara tano, tak, halafu kimya, tak, na kila ukilia nilikunja vidole vya miguu ndani ya kiatu. Daktari alipotoka na kichupa, nikainuka kukipokea kwa mazoea. Akanipita. Akampa mke wangu.

"Mama atabeba mwenyewe," akasema, kwa heshima zote.

Akakibeba. Alikiweka ndani ya mkoba wake wa sokoni, akaufunga zipu, na mkono hakuutoa juu yake mpaka Mwanza. Mimi nilifuata nyuma kama mlinzi aliyenyang'anywa bunduki. Pale mapokezi yule mama wa miwani alinitambua. Alikitikisa kichupa, akanusa kifuniko, akamwambia mke wangu, si mimi, "Safari hii kimekuja salama, dada." Kuhusu yule mama mkubwa aliyefia Butiama tulimweleza daktari tuliporudi Musoma, akaandika, akasema kuna jeni nyingine za kurithiwa ambazo kipimo chake ni kingine na kiko mbali. Kwanza tujue hiki cha sasa, na binti yetu tumzoeshe kujipima mapema. Nilimuuliza kama huko mbali hakuna kipimo cha kusema moja kwa moja kama ugonjwa utarudi au hautarudi. Akasema kuna nchi wanasoma jeni nyingi za uvimbe kwa mkupuo mmoja, wakapata makisio. "Na yenyewe ni makisio tu, baba," akasema. "Hakuna anayepewa uhakika."

Kusubiri mara ya pili kulikuwa kubaya zaidi, maana sasa nilikuwa najua kinachosubiriwa. Mke wangu alipunguza maneno. Alipanga nguo zake za kuuza kwa rangi, akazipangua, akazipanga kwa ukubwa. Siku moja nilimkuta amekaa na gauni moja jekundu mkononi, jipya kabisa, lebo bado ipo. Alisema alikuwa amelificha avae yeye Krismasi, na sasa hajui alipeleke Bunda au alibakize. Nikamwambia abakize. Akasema, "Unabakiza wewe au anabakiza daktari?" Nikarudi kwenye cherehani. Sindano ilinikatalia uzi mara sita.

Majibu yalikuja asubuhi ya Jumanne. Daktari aliiweka karatasi mezani akaigeuza upande wetu, akapitisha kalamu chini ya mstari mmoja mmoja. Vipokezi vya homoni vipo, tena kwa wingi. Maana yake uvimbe huu unakula homoni, na kidonge cha kuukatia chakula kina mahali pa kushika. Ile jeni ya kuhimiza haijazidi. Sio ule wenye hasira. Atakatwa, atapewa dripu kadhaa kwa sababu uvimbe umekuwa mkubwa kidogo, kisha atameza kidonge kila siku kwa miaka.

Nilisubiri furaha ije. Haikuja. Nilichoweza kusema ni kuuliza kama umekuwa mkubwa kidogo kwa sababu ya zile wiki tano. Daktari akajibu kwamba hawezi kujua, na kwamba wala mimi sitajua kamwe, kwa hiyo nichague kitu kingine cha kufanya na akili yangu.

"Kwa hiyo atapona?" nikauliza.

"Karatasi hii inasema dawa gani ina nafasi ya kufanya kazi kwake," akasema. "Haisemi siku zake. Za kwangu pia hazijaandikwa popote, baba."

Mke wangu alikuwa haangalii karatasi. Alimuuliza daktari kama atakatwa lote. Akaambiwa lote. Akauliza kama anaweza kulivaa gauni lenye shingo ya wazi. Daktari akasema hilo amuulize fundi wake, na wote wawili wakanitazama.

Sitasimulia operesheni wala dripu, kwa sababu yaliyompata aliyapata yeye, mimi nilishika beseni tu. Nywele zilitoka mkononi mwangu nilipomsaidia kuchana, zote kama wigi, tukazitazama. Kucha zikawa nyeusi. Kuna siku alikataa hata maji, nikamwambia nikimwona hivi naona ni mimi niliyemfikisha hapa. Akaniambia niondoke nikajihurumie barazani, yeye anataka kutapika kwa nafasi. Gauni jekundu nililipunguza upande wa kushoto kisha nikaweka pamba ndani, kazi bora niliyowahi kuifanya, na hakuna mteja atakayeiona.

Kisha dripu zikaisha, nywele zikarudi fupi na zenye mawimbi ambayo hakuwa nayo zamani, akaanza kidonge. Anakimeza kila asubuhi baada ya chai. Nami kila asubuhi namtazama koo mpaka kishuke. Akiumwa mgongo, nasikia ni mifupa. Akikohoa, nahesabu. Niliwahi kumpigia daktari kwa sababu mke wangu alipiga chafya tatu mfululizo, na yule binti kwa upole wake wote akaniuliza kama mama alikuwa anachambua mitumba. Alikuwa anachambua mitumba.

Wiki iliyopita akasema anarudi Bunda, kwenye gulio. Nilikuwa na sababu saba za kumkataza na nilizitoa zote: vumbi, jua, mkono wa kushoto usiotakiwa kubeba mzigo, watu watakaomuuliza maswali, mvua, gari, na ya saba sikumbuki. Alinisikiliza huku anafunga marobota. Aliponyamaza kunisikiliza nilijua nimeshashindwa. Alitaka wenzake wa sokoni wamwone akiwa amesimama, akasema, kwa maana walishamlilia nusu. Akaondoka asubuhi na mapema na kidonge amekimeza mbele yangu, akanionyesha ulimi kama mtoto.

Nilitoka naye mpaka njiani. Pikipiki iliyombeba ilipopinda kona na kupotea, mimi nikabaki nimesimama palepale. Ninajua ni upuuzi, lakini nilikuwa naona nikigeuka nikaingia ndani, kitu kitamfuata. Karatasi ilisema uvimbe unalishwa na homoni, kidonge kinazuia, nafasi ni nzuri. Nimeisoma mara nyingi mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba akienda Bunda atarudi jioni. Nikasimama. Jua likapanda. Mteja mmoja akaja, akanikuta barabarani nimeshika kikombe cha chai cha mke wangu, akaniacha akaondoka.

Jirani yetu, yule mjane wa samaki, alikuwa anarudi kutoka mwaloni na ndoo yake kichwani. Alipita akanisalimia, nikaitikia bila kumtazama. Akaenda kwake, akashusha ndoo, akaja kutazama upande niliokuwa nautazama, akaona hakuna kitu. Akajua. Akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema:

"Shemeji, mkeo amekwenda kuuza mitumba, hajaenda kaburini. Ingia ndani uoshe vyombo."